Dhambi Husamehewa, Jeraha Lake Hudumu

Somo kwa walimu wa dini na kwa wakatekumeni wa mwaka wa mwisho



Wapenzi wasomaji, kila mwaka wakatekumeni wetu wanapofika kwenye fundisho la Sakramenti ya Kitubio, huuliza swali moja. Husema: “Mwalimu, ikiwa padri ametuondolea dhambi, na Mungu ameisamehe kabisa, kwa nini tena tupewe malipizi? Deni lililofutwa hulipwaje?”

Swali hilo ni jema, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Likijibiwa vibaya, huzaa Wakristu wa namna mbili. Wako wanaodhani kuungama ni kunawa mikono tu, kisha kurudi matopeni. Wako pia wanaodhani kwamba Mungu hasamehi kweli, bali huweka kinyongo. Wote wawili wamepotea. Basi leo tulitazame swali hilo kwa utulivu, katika Maandiko Matakatifu, katika mafundisho ya Kanisa, na katika nchi hii yetu tunayoikanyaga kila siku.

1. Michikichi iliyokatwa

Tuanze na mfano. Watu wawili waligombana juu ya mpaka wa shamba. Usiku mmoja wao akashikwa na hasira, akachukua shoka, akakata michikichi sita ya jirani yake. Kulipopambazuka hasira ilikuwa imepoa, naye akaona haya. Akaenda kwa jirani, akapiga magoti, akaomba radhi. Yule jirani alikuwa Mkristu wa kweli. Akamwinua, akamshika mkono, wakala chakula pamoja.

Je, msamaha ule ulikuwa wa kweli? Naam, wala haukupungua kitu. Lakini je, michikichi ilisimama tena? Haikusimama. Itapandwa mingine, na miaka itapita kabla ya kuchuma chikichi za kwanza. Wakati huo wote watoto wa nyumba ile watakosa mafuta, ingawa wao hawakugombana na mtu. Tena yule aliyekata atajiona na shoka lake kila mara hasira inapompanda, kwa maana mkono uliozoea jambo hulirudia upesi.

Sasa tutambue kwamba katika kila dhambi yamo mambo mawili. La kwanza ni hatia, yaani ule uadui unaoingia kati ya mkosaji na Mungu. Hatia ya dhambi ya mauti huvunja urafiki wetu na Mungu na kutustahilisha adhabu ya milele. La pili ni jeraha, yaani uharibifu ambao dhambi huuacha katika roho ya mkosaji, katika maisha ya jirani, na katika dunia.

Katika Kitubio Mungu huondoa hatia yote pamoja na adhabu ya milele. Jeraha hudai tiba. Ndiyo maana Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha wazi kwamba Mungu asameheapo hatia si kila mara huondoa pamoja nayo adhabu zote za muda. Nalo Kanisa hutukumbusha kwamba adhabu hizo si kisasi cha Mungu. Hutoka katika dhambi yenyewe, kama vile njaa ya mafuta ilivyotoka katika shoka. Aliyesamehewa afanye nini basi? Achukue jembe, akapande michikichi.

2. Maandiko Matakatifu yanatufundishaje?

Someni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na ya 12. Mfalme Daudi alimtwaa mke wa Uria, kisha akamwua Uria kwa upanga wa maadui. Nabii Nathani akamjia na kumfunulia uovu wake. Daudi hakujitetea, akakiri papo hapo, na papo hapo nabii akamtangazia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Hata hivyo upanga haukutoka nyumbani mwake. Katika sura zinazofuata twaona Amnoni akimharibu dada yake, Absalomu akimwua Amnoni, kisha Absalomu akimwasi baba yake. Wana wa mfalme walijifunza kutoka kwa mfalme, naye alitubu baada ya somo lake kusikilizwa.

Musa alikuwa rafiki wa Mungu. Lakini kwa sababu ya kosa lake kwenye maji ya Meriba, aliitazama nchi ya ahadi kwa macho tu, wala hakuingia (Hesabu 20, Kumbukumbu la Torati 34). Mungu hakumwacha: Musa yule yule alionekana katika utukufu pamoja na Bwana wetu mlimani.

Tena mtazameni Zakeo (Luka 19). Yezu aliingia nyumbani mwake kabla hajarudisha hata senti moja. Neema ilitangulia. Lakini ilipoingia, Zakeo alisimama mwenyewe, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne wote aliowanyang’anya. Hakununua msamaha kwa fedha zile. Alikuwa amekwisha kupendwa, naye sasa akaona aibu kula cha wengine. Hapo ndipo penye maana ya malipizi: ni upendo wa mtu aliyesamehewa, unaokwenda kutengeneza alichokiharibu.

3. Njia inayopita kwetu

Sasa tutoke katika Maandiko, tuje kwetu. Sisi tunaokaa kati ya Kasongo na Kabambare tunakaa kwenye njia ya zamani. Misafara iliyotoka pwani ilivuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo, na kuendelea mpaka Nyangwe kando ya mto Lualaba. Ilitafuta pembe za ndovu. Na kwa kuwa pembe ni nzito na njia ni ndefu, ilitafuta pia watu, na wengi hawakuyaona tena makwao.

Nyangwe palikuwa na soko kubwa, ambako wanawake wa ng’ambo zote mbili za mto walileta vyakula vyao na vyungu vyao. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uskoti, alikuwapo. Alikadiria watu kama 1500 sokoni. Aliandika kwamba aliwaona watu watatu walioingia na bunduki, mmoja wao akigombana na mwuzaji juu ya kuku. Punde risasi zikaanza kulia. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kuzama, na wengi wakachukuliwa na maji, hasa wanawake. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Habari zile zilipofika Uingereza ziliwatetemesha watu, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akisukumwa na Waingereza, alikubali kulifunga soko la watumwa. Soko lile likafungwa, lakini moto uliowashwa Maniema uliendelea kuwaka. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao makuu ya biashara yake, na watu wake wakaisambaza bunduki mbali.

Tazameni sasa jinsi dhambi inavyozaa dhambi. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, yaliiteka Nyangwe mwezi wa Machi na Kasongo mwezi wa Aprili. Watu walitumaini kupumua. Lakini dola lile lililojisifu kuvunja utumwa lilileta kazi ya shuruti, ya pembe na ya mpira wa msituni. Septemba mwaka ule ule, Ngongo Lutete, chifu aliyewahi kuwinda watu kwa ajili ya Tippu Tip kisha akapigana upande wa dola, alihukumiwa kwa haraka na kuuawa huko Ngandu. Askari waliokuwa wake hawakusahau. Mwaka 1895 uasi ulitokea Luluabourg, unaoitwa leo Kananga. Mwaka 1897 ukatokea uasi mwingine kaskazini, na vita vyake vilifika mpaka hapa Kabambare mwaka 1898. Hivyo wanyonge waliokimbia bunduki za misafara walikimbia tena bunduki za dola, kisha bunduki za waasi.

Ndugu, tusiseme kwamba hiyo ilikuwa dhambi ya Waarabu peke yao, wala tusiitupe mlangoni kwa jirani zetu Waislamu. Wenyeji wengi waliuza wenyeji wenzao. Wakristu wa Ulaya walisafirisha watumwa kupitia bahari ya Atlantiki kwa karne nyingi. Papa Yohane Paulo wa Pili, alipofika kisiwa cha Gorée nchini Senegal mwezi wa Februari 1992, aliomba msamaha kwa ajili ya dhambi hiyo ya Wakristu. Na Livingstone mwenyewe, aliyeichukia biashara ile, alikuwa akisafiri na wafanyabiashara wale na kula chakula chao, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Dhambi kubwa huenea kama moshi: hata asiyeuwasha moto hukohoa.

4. Neno lililookotwa njiani

Pengine mtasema: “Mwalimu, hayo yamepita. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905.” Ni kweli, amefariki. Nami niwaambieni jambo lililotokea darasani mwangu miaka michache iliyopita, nanyi mtaona kama yamepita.

Watoto wawili waligombea nafasi kwenye benchi. Mmoja alipoona anashindwa, akamwambia mwenzake: “Ondoka hapa, mwana wa mtumwa!” Darasa zima likacheka. Nami mwalimu wao, niliyekuwa nimesimama na chaki mkononi, nilitabasamu.

Yule mtoto hakusema neno. Alikuwa hodari, mwenye kuinua mkono kabla ya wengine wote. Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Siku kumi na moja nafasi yake ilikuwa tupu. Moyo wangu ulinishitaki, nikaenda kuungama. Padri akaniondolea dhambi, kisha akanipa malipizi: niende nyumbani kwa yule mtoto kwa miguu yangu, nikaombe radhi mbele ya wakubwa wake. Nakiri kwamba kusali rozari nzima kungalikuwa rahisi zaidi kwangu.

Nilimkuta bibi yake akitwanga. Akanipa kiti. Nikamweleza yote, pamoja na lile tabasamu langu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: “Mwalimu, tumekusamehe. Jina hilo si wewe uliyeliumba. Ulilikuta njiani, ukaliokota. Mimi nililisikia nikiwa mdogo kuliko huyu mtoto, siku walipokuja kuposa dada yangu, wakauliza ukoo wetu, wakarudi na mahari yao. Sasa wewe unafundisha watoto wengi. Basi lizike.”

Mtoto akarudi shuleni. Mbele ya darasa lote nikamwomba radhi, na yule aliyemtukana akamwomba radhi pia. Leo wanacheza pamoja. Lakini kwa muda mrefu yule mtoto hakuinua tena mkono wake darasani, hata nilipojua kwamba analijua jibu. Hatia yangu iliondolewa siku ile ya maungamo, nami nasadiki hivyo kabisa. Mkono wa mtoto haukuinuka siku ile. Wazee wetu walisema kweli: mtenda husahau, mtendewa hasahau.

5. Je, mwana hubeba hatia ya babaye?

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, kwa maana wengi hupotea. Mtu akifiwa na watoto, au akiugua muda mrefu, husikia akiambiwa: “Ni laana ya mababu zako.” Kisha hupelekwa kwa mganga, hutoa mbuzi na fedha, na hurudi maskini zaidi kuliko alivyokwenda.

Kanisa halifundishi hivyo. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikataza msemo wa Waisraeli waliodhani wanaadhibiwa kwa ajili ya makosa ya baba zao. Kila roho itatoa hesabu yake. Na mitume walipomwuliza Bwana wetu juu ya yule kipofu wa kuzaliwa, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, Yezu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yoane 9). Basi mwenye kumtazama mgonjwa au mfiwa na kumtafutia dhambi, amekwenda kinyume cha Bwana.

Hata dhambi ya asili, tunayozaliwa nayo sote, si kosa tulilolitenda sisi. Ni hali ya kukosa utakatifu tuliyoipokea kutoka kwa Adamu. Ubatizo huifuta, ingawa udhaifu na mwelekeo wa kutenda mabaya hubaki kwa ajili ya mapambano.

Jueni basi tofauti hii: hatia hairithiwi kutoka kwa babu mkosaji, lakini jeraha laweza kurithiwa. Mjukuu wa aliyeuza watu hana hatia ya babu yake. Lakini akilirithi dharau na kulitunza, akikataa binti yake aolewe kwa sababu ya jina lile la zamani, basi ametenda dhambi iliyo yake mwenyewe. Na mjukuu wa aliyeuzwa hana aibu yoyote mbele ya Mungu. Yezu Kristu mwenyewe aliuzwa kwa vipande thelathini vya fedha.

6. Dawa ya jeraha

Tufanye nini basi? Kanisa, Mama yetu, limetupa dawa nyingi.

Ya kwanza ni kutengeneza. Aliyeiba arudishe. Aliyesingizia aende kwa wale wale waliomsikia, akaseme kweli. Aliyemtukana mtu mbele ya watu amwombe radhi mbele ya watu. Padri aweza kuondoa dhambi ya wizi, lakini hawezi kukupa ruhusa ya kuendelea kulala juu ya godoro la jirani yako.

Ya pili ni malipizi tunayopewa katika Kitubio, pamoja na sala, kufunga na sadaka. Hayo huinyosha roho iliyopindwa na mazoea mabaya. Mchoyo hujifunza kutoa, na mwenye ulimi mkali hujifunza kunyamaza.

Ya tatu ni kupokea kwa uvumilivu taabu za kila siku, tukiziunganisha na mateso ya Bwana wetu. Ya nne ni rehema ambazo Kanisa hutoa kutoka hazina ya Kristu na watakatifu. Na kama tukifa katika neema kabla hatujatakaswa kabisa, Mungu kwa huruma yake hututakasa toharani. Kwa hiyo tusiache kuwaombea marehemu wetu, hata wale waliopita katika njia ile ya zamani, waliofungwa minyororo na waliowafunga.

Ya tano ni kubebeana mizigo, kwa ajili ya umoja wa watakatifu. Mkumbukeni Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alipotafuta watu wa kuwalinda wanyonge, Joubert alikuja, na tangu mwaka 1887 alikaa Mpala na baadaye Mrumbi, ng’ambo hii ya ziwa Tanganyika, akivilinda vijiji na wawindaji wa watumwa. Alimwoa mwenyeji, Agnès Atakaye, akaishi hapa Kongo mpaka kufa kwake mwaka 1927. Mwana wao Albert alipata upadri. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, aliuawa huko Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Uvira, pamoja na wamisionari watatu Waksaveri waliouawa siku ile ile, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin. Joubert hakuuza mtu, naye mwanawe hakuwa na deni kwa yeyote. Lakini walilipenda jeraha lisilo lao kana kwamba ni lao. Hivyo ndivyo alivyofanya Kristu Msalabani.

Wala tusikate tamaa. Lugha hii ya Kiswahili tunayosali nayo ilikuja Maniema pamoja na misafara ile. Mungu hakuiita biashara ile njema. Lakini aliichukua lugha yake, akaifanya chombo cha kutangazia Injili, kama alivyomtumia Yosefu aliyeuzwa na ndugu zake kuwaokoa ndugu wale wale na njaa. Alifufuka Bwana wetu akiwa na majeraha yake; hayakumtia tena uchungu, bali Tomaso alisadiki kwa kuyaona.

7. Maswali ya kujifunza

Swali: Katika dhambi mna mambo gani mawili?
Jibu: Mna hatia, inayotutenga na Mungu, na jeraha, ambalo dhambi huliacha ndani yetu, kwa jirani na duniani.

Swali: Kitubio huondoa nini?
Jibu: Huondoa hatia yote na adhabu ya milele. Adhabu za muda zaweza kubaki, nasi twapaswa kufanya malipizi.

Swali: Je, malipizi ni bei ya msamaha?
Jibu: Hapana. Msamaha ni zawadi ya Kristu aliyetufia. Malipizi ni upendo wa mtu aliyesamehewa, unaotengeneza kilichoharibika.

Swali: Je, Mungu huwaadhibu watoto kwa hatia ya mababu?
Jibu: Hapana. Lakini watoto huweza kuumizwa na uovu wa mababu; basi wasiuendeleze, bali wautibu.

Swali: Aliyeungama lakini hataki kurudisha alichoiba ametubu kweli?
Jibu: Kama aweza kurudisha naye hataki, toba yake si ya kweli.

Kusudi la juma hili: Kila mmoja akumbuke dhambi moja aliyokwisha kuiungama. Asiifukue kwa hofu, kwa maana imesamehewa. Ajiulize tu: ni nani aliyebaki na jeraha lake? Kisha aende akatende jambo moja la kulitibu. Nasi walimu tuwe wa kwanza: jina lile baya lisisikiwe tena darasani, wala kwa kinywa, wala kwa kicheko.

Sala: Ee Bwana Yezu, umetuondolea hatia yetu kwa Damu yako takatifu. Utupe moyo wa kuyaona majeraha tuliyowatia wenzetu, na mikono ya kuyaganga. Uwahurumie wote waliokufa katika nchi yetu bila kaburi. Uwape watoto wetu urithi wa heshima badala ya dharau. Mama Maria, kimbilio la wakosefu, utuombee. Amina.

Juu ya yule mtoto wa darasani mwangu, nina neno moja la mwisho. Muhula uliofuata, siku tuliyosoma habari za Yosefu na ndugu zake, niliuliza: “Kwa nini Yosefu alilia?” Niliuona mkono wake umeinuka, nusu tu, kwa woga. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo, naye akajibu.